Mgeni Ndiye Huongoza Sala

Nyakanazi, 23 Aprili 1995

Mke wangu Nimpaye, Mama Skola,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, ila mikono imekuwa myeusi hata mke wa mwajiri wangu, Mama Kuluthumu, hanipi tena chai kwenye vikombe vya wageni. Malori ya misaada yanayopanda huko Ngara yanapata pancha usiku na mchana, nasi tunaziba. Mwajiri wangu Hatibu anasema riziki yetu imetoka kwenye mawe ya barabara ya kwenu, kwa hiyo tusiyatukane.

Sasa tuje nyumbani. Katekista Kazimili ameniletea salamu kwamba Skolastika ameshika mafundisho kuliko watoto wote wa kigango, na kwamba kwenye sikukuu ya Ekaristi atapokea Komunyo ya Kwanza. Siku niliyopata habari hiyo nilimweleza kila dereva aliyesimama hapa, hata Wasomali ambao hawajui Komunyo ni nini. Walinipongeza, wakadhani mtoto anaolewa. Sisi tuliovuka mto Ruvubu kutoka Burundi mwaka sabini na mbili bila hata kijiko, leo binti yetu anawashinda watoto wa wenyeji kwa katekisimu. Nisipojivuna kwa hilo, nijivunie nini, matairi?

Kwa hiyo sala ya jioni isilale hata siku moja. Katekista anafundisha kwa saa zake, lakini mtoto anapikwa nyumbani, hapo hapo jikoni kwako, kabla ya ugali kuteremshwa. Shangazi Domisiana amesema atatoka Nyantakara aje akusaidie kuvuna maharage. Akifika, desturi yetu unaijua: mgeni ndiye huongoza sala. Awe amechoka, awe na kikohozi, aongoze yeye, nanyi mumfuate neno kwa neno. Hiyo ndiyo heshima ya nyumba yangu, na sitaki kusikia imevunjwa.

La mwisho. Watu wa kambini wanaopita wakitafuta kibarua, wape maji, wape na kazi ukipenda, ila wasilale kwetu. Nasikia wanang'oa mihogo na kukata miti ya watu. Sisi tumehangaika mpaka tukaacha kuitwa wakimbizi, sitaki jina hilo lirudi mlangoni kwangu.

Wabusu watoto.

Mumeo,
Evaristi Habonimana


Murukulazo, 4 Mei 1995

Baba Skola,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imeletwa na dereva Nshoma. Ilikuwa na alama ya kidole cha grisi kwenye kila ukurasa, kwa hiyo sikuwa na haja ya kutafuta sahihi.

Sisi hatujambo. Maharage yamekauka upande wa bondeni na tumeanza kung'oa. Tuna mgeni. Ni mama mtaratibu, mkono wake shambani ni mwepesi kuliko wangu, na haondoki mpaka tuta limekwisha. Wadogo zake Skola wanagombania kukaa karibu naye.

Ulivyoagiza ndivyo tunavyofanya. Jioni ya kwanza nilimkaribisha aongoze sala, akakataa, akasema hafai. Nikamwambia mwenye nyumba ameandika. Akaniangalia, kisha akapiga magoti. Tangu hapo ni yeye kila jioni, nasi tunamfuata kama ulivyosema. Skola humwangalia sana wakati wa sala. Nimemwambia mtu akisali hufumba macho, lakini unamjua mwanao.

Mengine tutazungumza ukija.

Mkeo,
Nimpaye


Nyakanazi, 13 Mei 1995

Mama Skola,

Umenifurahisha. Shangazi kasema hafai? Shangazi Domisiana? Yule ninayemjua mimi humnyang'anya padri neno mdomoni. Basi kweli uzee ni dawa. Mpikie vizuri, na usimwache ainue magunia.

Gauni la Skola linashonwa. Mama Kuluthumu amekataa nisilipeleke kwa fundi mwingine, amesema mtoto wa Evaristi ni mtoto wa hapa. Kwa kuwa Skola hayupo wa kupimwa, anapimwa binti yao Swabaha, maana urefu wao ni mmoja. Juzi alitoka chumbani amevaa jeupe mpaka miguuni, na mtandio wake juu, na baba yake, Hatibu, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Evaristi, umeniingiza binti kanisani kupitia cherehani." Mama Kuluthumu ameacha upindo mpana, anasema watoto wa siku hizi wanarefuka kama mahindi.

Nimeshaomba ruhusa. Siku ya sikukuu nitakuwa benchi la mbele, nimeoga, na hakuna atakayenikalisha nyuma.

Evaristi


Kigango cha Murukulazo, 22 Mei 1995

Ndugu Evaristi Habonimana,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninaandika kwa moyo mzito. Alhamisi iliyopita jumuiya ilisali nyumbani kwako, kwa kuwa zamu ilikuwa yenu. Nilimpa Skolastika nafasi ya kuongoza Baba Yetu. Darasani hakuna anayeisali vizuri kama yeye, nami nilitaka watu wamsikie.

Alianza vizuri. Alipofika pale tunapoomba kusamehewa kama tunavyowasamehe waliotukosea, akanyamaza. Nilidhani amesahau, nikamtupia neno la kwanza. Hakulipokea. Wadogo zake wakanyamaza, mkeo akanyamaza. Kisha mtoto akaendelea na sehemu inayofuata mpaka Amina. Nikamwambia arudie. Akarudia, akanyamaza palepale.

Watu walipoondoka nilimwita pembeni. Alinijibu kwa adabu, siwezi kusema vinginevyo: "Mgeni akiwepo, hapo huwa tunanyamaza."

Ndugu yangu, mama huyo alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Mkeo alimtambulisha kuwa ni mgeni wako, na kwamba anaongoza sala za nyumba hiyo kwa agizo lako. Sijui amekuja na mafundisho gani. Ninachojua ni kwamba watu wameanza kusema nyumba ya Habonimana ina dini yake, na kwamba sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe hatukupewa tuichague kama mchele.

Siwezi kulipeleka jina la mtoto parokiani hali ikiwa hivi. Nimeamua mambo mawili, uchague moja. Mgeni aondoke katika nyumba hiyo, na Skolastika aisali Baba Yetu yote mbele ya jumuiya. Ama sivyo, atangoja Komunyo mpaka mwakani.

Nyumba yako nimeitolea mfano kwa watu miaka mingi. Ndiyo maana sikutaka usikie kwa wapita njia. Wewe ni baba, ninangoja jibu lako.

Katekista Kazimili


Nyakanazi, 25 Mei 1995

Mama Skola,

Mmemfanya nini mwanangu?

Evaristi


Nyakanazi, 25 Mei 1995

Shangazi Domisiana,

Shikamoo. Barua hii naituma Nyantakara, maana nadhani baada ya kuyafanya uliyoyafanya umeshakimbilia kwako.

Shangazi, ulibatizwa kabla mimi sijazaliwa. Wewe ndiye uliyenifundisha ishara ya msalaba kwa kunishika mkono. Nimekukaribisha nyumbani kwangu, nimeagiza upewe sala kwa heshima yote, nawe umeichomoa katikati kama mtu anayechomoa mhogo na kuacha shimo. Sasa mtoto ananyimwa Komunyo kwa ajili yako, na mimi nilishawatangazia madereva wa nchi tatu.

Una ugomvi na nani usioweza kumsamehe hata kwa mdomo? Kama bado ni yule jirani na mbuzi wake, niambie, nitakuletea mbuzi mwingine.

Kwa heshima, ingawa imepungua,
Evaristi


Nyantakara, 29 Mei 1995

Evaristi,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa na miiba. Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi nasema naye anaandika, na nimemwonya asilainishe kitu.

Sijatoka Nyantakara. Mguu umevimba tangu Pasaka, kutoka kitandani mpaka kwenye kuku ni safari. Huko Murukulazo sijafika, maharage yako sijayaona, sala yako sijaigusa. Na yule jirani wa mbuzi nilimsamehe zamani, alipokufa. Huyo mgeni wako basi ni nani? Muulize mkeo, badala ya kupigana na bibi kizee kwa stempu.

Lakini kwa kuwa umenichokoza, sikiliza. Desturi hiyo ya mgeni kuongoza sala unayoivaa kama koti la Krismasi, unajua ilitoka wapi? Hujui, ulikuwa umelala. Mwaka sabini na mbili tulipovuka mto, nilikubeba mgongoni. Ulikuwa mkubwa wa kutembea lakini miguu ilikuwa imekataa. Mama mmoja wa Kihangaza, mwenyeji wa Ngara, alitufungulia jiko lake. Hakutuuliza tumetoka upande gani wala nani katukosea. Chakula kilipoiva akamwambia baba yako, "Mgeni, tuongoze sala." Alimpa hiyo kwa sababu tulikuwa hatuna kingine cha kushika mkononi.

Baba yako akaanza Baba Yetu. Alifika katikati akashindwa. Kaka yake askari walikuwa wamemchukua na hatukuwa tumemzika. Akabaki amepiga magoti, mdomo wazi, neno halitoki. Yule mama alikuwa anaijua sala, angeweza kuimalizia. Hakuimalizia. Alingoja, na watoto wake wakangoja, na ugali ukapoa. Baada ya muda mrefu baba yako akasema Amina, nao wakasema Amina, tukala.

Kesho yake alifanya vilevile, na kesho kutwa. Siku baba yako alipoweza kuifikisha mwisho, hakuna aliyempigia makofi. Walipakua tu.

Ndiyo nyumba tuliyoiga. Sasa nenda kaulize mgeni wako ni nani, halafu uandike tena, safari hii kwa adabu.

Shangazi yako,
Domisiana


Murukulazo, 30 Mei 1995

Baba Skola,

Swali lako limefika. Mtoto hatukumfanya kitu.

Wala sikukudanganya. Niliandika kwamba tuna mgeni, na mgeni alikuwepo. Wewe ndiye uliyempa jina la shangazi, nikaona unafurahi, nikakuacha ufurahi.

Anaitwa Mukeshimana. Alitoka Rwanda mwaka jana. Alikuja kutoka kambini kutafuta kibarua, nikampa maji na kazi kama ulivyosema. Jioni ikanyesha, nikampa na jiko alale. Ukitaka kunigombeza, anzia hapo, maana asubuhi sikumwambia aondoke, na hata leo sijamwambia.

Mume wake na wanawe waliuawa. Aliyewaua alikuwa jirani yao, walichota maji kisima kimoja. Naye amekimbilia kambi ileile. Siku ya mgao wa mahindi wanapanga foleni moja. Siku moja mtu huyo alikuwa mbele yake, akageuka, akamwamkia kwa upole kama watu waliotoka misani pamoja. Tangu siku hiyo Mukeshimana hutembea mbali sana kutafuta kibarua, hata kwa ujira wa viazi. Hataki kusimama tena nyuma ya mgongo ule.

Jioni ya kwanza alipoongoza sala alifika pale akanyamaza. Nilidhani amekabwa na moshi. Baada ya Amina aliniambia, "Mama, nikilisema hilo nitakuwa namdanganya Mungu ndani ya nyumba ya watu. Nimemwomba anivumilie." Mimi sikusomea dini, Baba Skola. Nilichojua ni kwamba umeagiza tumfuate mgeni neno kwa neno, na mgeni akinyamaza, basi kumfuata ni kunyamaza. Nikamwambia, nasi tutakungoja. Kabla ya hapo, kanisani kule kambini, alikuwa akitoka nje sala ikifika hapo. Hapa kwetu anabaki ndani.

Watoto wanaijua sala yote. Mgeni akienda kulala mapema nawasikiliza wakiisali, na hawaruki kitu. Hilo katekista hakuuliza.

Sasa la Skola. Nilimkalisha nikamuuliza kwa nini alifanya vile mbele ya jumuiya nzima. Akaniambia, "Mama, ningeendelea, watu wote wangesema kwa sauti, yeye peke yake angenyamaza, na wote wangegeuka kumwangalia." Nikamwambia, Komunyo utaikosa. Akasema anajua. Akachukua ndoo akaenda mtoni, na nilimsikia akilia njia nzima, kwa hiyo usidhani ana moyo wa jiwe. Anaitaka. Usiku anawasimulia wadogo zake gauni ambalo hajaliona.

Mukeshimana amesikia masharti ya katekista. Amefunga mkeka wake mara mbili, nami nimeufungua mara mbili. Anasema si haki mtoto wa watu akose mkate kwa ajili yake. Leo nimeukalia mkeka wenyewe wakati nakuandikia.

Mimi sitamfukuza mtu, na sitamlazimisha mtoto. Lakini nyumba ni yako na katekista amekuuliza wewe. Amua, ila uamue ukijua.

Nimpaye


Nyakanazi, 4 Juni 1995

Ndugu Katekista Kazimili,

Tumsifu Yesu Kristo.

Jibu la kwanza nilikuwa nimeshaliandika, la kukubali yote uliyoyataka, tena kwa maneno makali kuliko yako. Dereva Nshoma alichelewa kupita, ndipo barua za nyumbani zikanikuta. Karatasi ile nimeifutia mikono.

Naomba nikueleze mgeni wangu ni nani, kwa kuwa na mimi sikuwa namjua. Ni mjane kutoka Rwanda. Aliyemuulia mume na watoto anapanga naye foleni ya mahindi kambini. Hana mafundisho mapya, katekista. Ni Mkristo kama wewe na mimi, isipokuwa sisi pale pa kusamehe tunapita mbio, na yeye anapaogopa. Hajakataa kusamehe. Amekataa kusema mbele ya Mungu kwamba ameshasamehe.

Nilimsimulia Hatibu, mwajiri wangu. Yeye ni Mwislamu, mambo ya Komunyo hayajui, lakini ni mwepesi wa kuuliza. Akaniuliza, "Huyo mama amesema uongo au amenyamaza?" Nikasema amenyamaza. Akarudi kwenye tairi lake, akaniacha nimesimama na spana.

Umeniambia nichague. Mgeni anabaki. Skolastika atangoja.

Usidhani ni jambo jepesi kwangu. Unanijua, mimi ni mtu wa kujigamba, mama yangu alisema nilizaliwa nikiwa nimeshika kiuno. Nimelitangaza jina la mtoto huyu Nyakanazi nzima. Gauni limeshonwa, limepigwa pasi, linaning'inia ukutani kwa Mama Kuluthumu, na kila nikipita linaniangalia. Siku ya sikukuu nitakuwa hapa nikiziba pancha, na madereva wataniuliza mbona sikwenda. Nitawajibu. Na nikishawajibu, nadhani nitakuwa nimejigamba kuliko mwanzo.

Maana nimefikiri hivi. Nilitaka mtoto aijue sala, na anaijua, umemsikia mwenyewe darasani. Lakini yeye ameona kitu ambacho mimi baba yake sikukiona mpaka nikaandikiwa barua kali na shangazi: kwamba sala ile inaanza kwa neno Baba yetu, haianzi kwa Baba yangu. Akaona mtu mmoja ataachwa nyuma, akarudi kukaa kando yake. Hakufundishwa na mtu. Ameyaokota jikoni kwa mama yake. Kama huko ndiko kushindwa katekisimu, basi mwandike ameshindwa, nami nitaweka sahihi.

Mstari ule hatujaufuta. Ni wa Bwana, na nyumbani kwangu utasemwa. Tunamngoja mtu aufikie. Marehemu baba yangu naye alingojewa, katika jiko la wenyeji wa huko huko Ngara, mwaka ule tulipokuwa wakimbizi. Naandika neno hilo kwa mkono wangu, na sioni limenipunguza.

Mwakani nitamleta mwenyewe. Gauni likiwa fupi, atavaa fupi.

Nakuheshimu, na najua unalinda imani ya watu. Ilinde na hii ya kwetu.

Evaristi Habonimana


Murukulazo, 19 Juni 1995

Mume wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako kwa katekista aliileta nyumbani mwenyewe, akasema ni haki yangu kuisikia. Akasimama uani akanisomea kwa sauti mpaka mwisho. Pale kwenye kiuno nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuniruhusu. Alipomaliza aliikunja, akaaga bila kunywa chai.

Mukeshimana alikuwa anapepeta maharage, akasikia yote. Akaniuliza, "Mumeo ananijua?" Nikamwambia anakujua, wewe ni mgeni wake. Mkeka haujafungwa tena.

Jana ilikuwa sikukuu. Nilimwambia Skola anaweza kubaki nyumbani asije akawaona wenzake. Akasema atakwenda, kwa sababu aliwaahidi kuwaimbia. Akavaa lile gauni lake la bluu la kila siku, akaomba nimsuke upya. Tulikaa benchi la nyuma, Skola, Mukeshimana, mimi na wadogo. Wenzake wakapita katikati, weupe, na mishumaa. Aliimba kama alivyosema ataimba. Nilimshika mkono.

Tukafika kwenye Baba Yetu. Padri akaanza, kanisa likaitikia, unajua jinsi bati letu linavyopokea sauti siku watu wamejaa. Tulipofika pale, benchi letu likanyamaza. Mimi nilinyanyua macho nimtafute katekista. Alikuwa mbele pembeni, pamoja na watoto wake wa mafundisho, na wewe unajua sauti yake, huwa inamfunika padri. Baba Skola, mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa ametugeukia sisi. Kanisa likapita, nasi tukaungana nao mbele kidogo, naye akaungana nao hapohapo tulipoungana sisi. Nimeyaona kwa macho yangu. Sijui wengine kama waliona.

Baada ya misa hakunipa maneno matamu. Alisema padri atarudi siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, kwamba atazungumza naye habari za Skola, na kwamba haahidi kitu. Nikamwambia hatuna haraka. Kisha akamgeukia Mukeshimana, akamwambia, "Karibu kanisani, mama," akaenda zake. Mukeshimana aliitikia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Sasa nikwambie nililolifanya, kabla hujaambiwa na wengine. Pale nje, mke wa Mzee Nyandwi alinishika bega mbele ya akina mama wote, akaniambia pole. Alisema kwa wema. Lakini unajua miaka yote hii wewe ukijigamba mimi huangalia chini, nikiogopa watu watatucheka. Jana sikuangalia chini. Nikamwambia, "Pole ya nini, mama? Watoto wenu wamepokea, nami nimewafurahia kwa moyo wangu wote. Huyu wangu aliitaka Komunyo kuliko chakula, akaiacha ili mtu asibaki peke yake mbele ya Mungu. Kama hapa kuna mama aliyezaa anayempita, anionyeshe, nimwamkie."

Skola alinivuta kitenge kwa aibu, akasema, "Mama, twende." Mukeshimana akamshika mkono wa pili, tukarudi nyumbani tukitembea katikati ya barabara.

Mkeo,
Nimpaye